Pini Nyekundu Upande Usio Wake

Kila asubuhi kabla ya shule, Edita Guenteo alikuwa na kazi tatu: kuingiza kuni jikoni, kuwamwagia nguruwe maganda ya viazi, na kumchemshia bibi yake maji ya mate, ile chai ya majani machungu. Oktoba ile akaongeza ya nne, na hii hakutumwa na mtu. Alisimama kando ya uzio na kutega sikio.

Alikuwa akimtafuta nyuki bambi, yule nyuki mnene mwenye manyoya. Bibi Rosalba alisema kwamba utotoni mwake walijaa kote kisiwani Chiloé, hata watoto wakachoka kuwakimbiza. Sasa waliojaa ni wageni, walioletwa na wenye mabanda ya nyanya ili wachavushe maua: weusi, wenye mistari ya njano na mkia mweupe. Wa kienyeji ana rangi ya chungwa mwili mzima, naye ni mkubwa kama kidole gumba. Mwalimu Haroldo alikuwa ametundika ramani ya kijiji darasani, na kila mgeni aliyeonekana alichomewa pini nyeusi. Baada ya miaka mitatu, pini nyeusi zilifika themanini. Nyekundu, ya mwenyeji, haikuwepo hata moja.

Wazazi walikuwa wamekubaliana mkutanoni kwamba penye pini nyekundu hapatalimwa mpaka baridi ijayo. Malkia hutaga kwenye shimo la panya la zamani, peke yake, na ukilivunja shimo hilo umemaliza ukoo mzima.

Jumanne, Edita akamwona. Malkia alitoka kwenye maua, akaelea kidogo, akaingia shimoni chini ya tuta la zamani. Edita aliruka uzio, akangoja malkia atoke tena, akampiga picha kwa simu ya bibi, akakimbia hadi shuleni bila kunywa chai. Shida ilikuwa moja tu. Tuta lile lilikuwa upande wa pili, kwa Mzee Artemio Nahuelquín, mkali asiye na mfano, aliyewahi kumfokea hadi akalia kwa sababu ya matofaa mawili.

"Ndiye mwenyewe!" Mwalimu Haroldo alisema, akiikazia macho picha. "Umemwona wapi?"

Edita akafikiria jina la Mzee Artemio likiandikwa chini ya pini ile. Yule mzee mchoyo, apewe sifa kwa lipi?

"Kwetu," akasema. "Kwenye tuta la bibi."

"Haya, mwaka huu tutakoma!" Lisandro alimtania kutoka dawati la nyuma. "Malkia wawili nyumba moja!"

Darasa likacheka, na pini nyekundu ikachomwa. Ni uzio mmoja tu, Edita alijiambia. Hatua kumi. Kuna ubaya gani?

Jumamosi, Mzee Artemio aliita minga. Ukiita minga, majirani huja kukulimia bila malipo nawe unawalisha, na wakishafika hakuna anayewarudisha. Walifika watu kumi na wanane na jozi ya maksai. Edita alikuja na bibi yake, amebeba kikapu cha mikate ya viazi.

"Tunaanza na tuta lile la zamani," Mzee Artemio alisema. "Nimeuliza shuleni. Pini iko kwa Rosalba, kwangu ni ruksa."

Edita alitazama majembe, akamtazama Lisandro aliyekuwa akimcheka, akautazama uso wa yule mzee. Nitamwambia wakipumzika, akawaza. Akaendelea kugawa mikate.

Hawakufika mapumziko. Jembe la Mzee Artemio lilichimbua bonge la nyasi laini, na bonge hilo likapasuka. Ndani mlikuwa na vikombe vidogo vya nta, na kwenye kimoja, mabuu meupe yaliyopondeka. Malkia alitoka akivuma. Akazunguka juu ya udongo mbichi, akatua, akaruka tena, akitafuta mlango ambao haukuwepo.

Mzee Artemio alivua kofia. "Rosalba, njoo uone. Mbona niliambiwa yuko kwako?"

Watu wote wakamgeukia bibi.

"Usinitazame hivyo, Artemio," bibi alisema, uso umemwiva kwa aibu. "Mimi sijasema neno."

"Ni mimi," Edita alisema. Sauti ilimtoka ndogo, ikabidi arudie. "Ni mimi niliyedanganya. Nilimwona hapa."

"Na asubuhi yote hii ulikuwa unatugawia mikate tu?" Mzee Artemio aliuliza. "Kwa nini hukuniambia, mtoto wewe?"

"Niliogopa utanifokea."

"Ningekufokea!" mzee alisema kwa uchungu. "Halafu ningeliruka hilo shimo lako. Shamba lote hili, kweli ningeshindwa kuacha tuta moja?"

Walijaribu kurudisha bonge lile na kulifunika, lakini vikombe vilikuwa vimekwisha. Malkia alizunguka hadi mvua iliponyesha. Hakuna aliyemwona tena.

Jumatatu, Edita alieleza yote mbele ya darasa. Lisandro hakutania. Mwalimu Haroldo aling'oa pini, akaichoma mahali pake, kisha akampa Edita kalamu.

"Andika: kiota kimevunjwa. Na tarehe."

"Hata kama hayupo tena, Mwalimu?"

"Hata hivyo. Mzee Artemio aliiamini ramani, na ramani ilikuamini wewe. Tangu leo, hakuna pini itakayochomwa kabla ya watu wawili kwenda kupaona mahali penyewe."

Jioni, Mzee Artemio alikuja uzioni. Alikuwa ameacha ukanda mzima wa tuta bila kulimwa, na maua yake yote. "Pengine atakuja mwingine," alisema, ingawa hakuonekana kuamini. Akaondoka bila kuaga.

Edita alilia. Bibi Rosalba hakumbembeleza. Machozi yalipokauka, akamshika mkono.

"Watu wote pale walifanya kazi yao kwa haki, mjukuu wangu, na bado kiota kimevunjika. Ukweli ulikuwa nao wewe peke yako. Siku nyingine useme mapema, hata kama unatetemeka. Mimi nimekusamehe. Lakini yule malkia, msamaha wangu haumjengei nyumba."

Asubuhi iliyofuata Edita aliingiza kuni, akawalisha nguruwe, akachemsha maji ya mate. Kisha akasimama kando ya uzio na kutega sikio. Wageni wenye mkia mweupe walivuma kila mahali.