Karatasi za Mandazi

Rogath, mwalimu wa kwaya, aliingia duka la kuchapisha la Mtaa wa Msimbazi akiwa amelowa jasho, shati la drafti limemganda mgongoni, kitabu cha nyimbo za Kilatini kwapani. Kwapani! Josepha, mchapaji, alikipokea kwa ncha za vidole. Kila akitaka kufunua ukurasa, jamaa alilamba kidole. Kinyaa kilimpanda Josepha, lakini sauti ya yule mwalimu, loh, ilikuwa nzuri mno.

Kompyuta za mitumba ndiyo kwanza zilikuwa zikimwagika Kariakoo, na Josepha aliijua programu ya kupanga noti za Kigregori, zile za mraba kwenye mistari minne. Miezi mitatu alimfundisha Rogath: andika silabi kwanza, noti zake zifuate ndani ya mabano, mwisho wa mstari weka kinoti kidogo cha kumwonyesha mwimbaji mstari unaofuata unaanzia wapi. Mbinu zote alimwandikia kwa mkono. Rogath akamwita laazizi, akaahidi kwenda Rombo kujitambulisha kwa wazazi wa Josepha.

Basi siku moja Josepha akanunua mandazi kwa Mwanamkuu, pale mtaa wa Gerezani. Karatasi ya kufungia, imelowa mafuta, ilikuwa na mbinu zake, zimechapwa. Chini: "Zimeandaliwa na Mwalimu Rogath." Mwanamkuu akamweleza kuwa walimu wa kwaya walitoka semina ya Rogath wakamwachia rundo zima. Josepha akalitema andazi. Mtu anayejitwalia jasho la mwenzake anachefua kuliko mate ya kidole, na hapo simlaumu binti.

Habari zilipomfikia Rogath, alipiga simu dukani kutwa. Mara ya tano Josepha akapokea.

"Laazizi, nilisahau tu jina lako."

"Lako hukulisahau. Ulitoa nakala ngapi?"

"Arobaini."

"Zikusanye zote. Futa jina lako, andika langu. Halafu ndiyo uniite laazizi."

Wiki nzima Rogath alizunguka Gerezani akiziomba kwa wateja wa Mwanamkuu, nyingine akiziokota jalalani. Jumamosi akaja, suruali ina madoa, ananuka mafuta ya juzi. Josepha alizihesabu kwa ncha ya kalamu, asiziguse. Thelathini na tisa, zote zina jina la Josepha. Ya arobaini Rogath aliitoa mfukoni.

"Hii nimeacha majina yote mawili," akasema, sauti nzuri yote imemkauka. "Nataka kwenda nayo Rombo, ukikubali."

Josepha aliitazama. Ina mafuta, ina sisimizi aliyekufa. Akacheka bila kutaka.

"Kanawe mikono," akasema. "Kwa sabuni. Halafu uichape upya. Kwa baba yangu siendi na karatasi ya mandazi."