Kiganja cha Mbao

Haya yalimfika binti wa shoga yangu, ndiyo kwanza anajifunza kukata mbao kwa mashine ya leza. Mama yake alikuwa hospitalini, wamesema kesho atatoka, naye akataka kumtundikia mlangoni kibao cha "Karibu Mama".

"Mistari myekundu kwenye faili inakatwa, myeusi inachorwa juujuu tu," fundi aliyemfundisha alimwambia. "Na usirudie mstari, mwanangu. Mashine haina akili, itafuata hata ujinga wako."

Binti akacheka, akafunga kifuniko. Mashine ikaunguruma, ikamaliza herufi zake, ikanyamaza. Mara umeme ukakatika, na chumba kile kisicho na dirisha kikawa giza totoro. Humo gizani mashine ikaanza tena, taratibu, ziii, ziii, kama mtu anayechana kitambaa.

"Fundi, umeiwasha?"

"Kwa umeme upi, mwanangu?"

Umeme uliporudi, wakatazama faili: yale maneno mawili, basi. Lakini kwenye ubao, chini ya herufi, palikuwa pamekatwa kiganja cha mtu, kidole cha mwisho kifupi kama cha mama yake, kilichobanwa na mlango utotoni.

Ubao uliotoka kukatwa huwa wa moto, kingo zimeungua. Binti akakigusa kile kiganja. Kilikuwa cheupe hadi kingoni, baridi, na kimelowa kama mkono wa maiti uliotoka kuoshwa.