Programu Iliyomeza Vigelegele

Limi na Athanas walikutana sokoni Kalangalala, siku spika ya muuza vitenge ilipopiga yowe hadi watu wakaziba masikio. Limi, gauni la njano, maikrofoni ya redio mkononi, alikuwa akihoji wateja. Kijana wa fulana ya kijivu akapita, akazungusha kitufe, yowe likakoma.

"Asante, fundi."

"Asante haishibishi. Nipe namba yako."

Akampa. Mwaka haukuisha, Athanas akawa fundi mitambo kwenye kituo kile kile cha redio cha Limi, na mapenzi yao hayakufichika tena.

Jumamosi moja wakarusha matangazo ya moja kwa moja kutoka mwalo wa Nkome, pale mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, ambako mama yake Limi huanika dagaa. Limi akasalimia kwa lugha ya nyumbani, "Mwadila!" Kina mama wakaitikia kwa vigelegele, cha mama yake kikipita vyote. Limi alijawa na furaha.

Matangazo yalipokwisha, shangazi yake akapiga simu kutoka Shinyanga. "We Limi, mbona unajisemesha peke yako kama mwehu? Umesalimia, kimyaaa! Mko msibani?"

Limi akamgeukia Athanas. "Umefanya nini?"

"Nimeweka programu mpya kwenye kompyuta. Inasafisha sauti hapo hapo unapoongea. Kelele zote inaondoa."

"Mama yangu ni kelele?"

"Mpenzi, ile programu haijui..."

"Wewe unajua! Umechagua peke yako, hata nusu neno hukuniuliza."

"Siku ile Bugarama, makarasha ya kusaga mawe yaliimeza sauti yako hewani, watu wakakucheka, ukalia kwenye gari. Nilitaka usilie tena."

"Nililia. Sikukutuma!"

Akaondoka. Wiki nzima Athanas alimpigia, simu ikaita hadi ikakata. Kazini Limi alimjibu "ndiyo" na "hapana" tu, na ukimpenda mtu, majibu hayo yanauma kuliko matusi. Limi mwenyewe hakulala vizuri, lakini alikuwa na hasira na hakuona sababu ya kuificha.

Jumamosi wakarudi Nkome. Athanas, shati jeupe limenyooshwa, akamwamkia mama, "Shikamoo," kisha akamwekea Limi kompyuta mbele. "Programu ni mbili. Chagua wewe."

Limi akavaa visikilizio. "Mama, piga kigelegele." Ya kwanza ikakimeza. Ya pili ikakipitisha chote, pamoja na upepo na injini za mitumbwi.

"Hii."

"Upepo utaingia."

"Uingie!"

Wakaingia hewani. Limi akasalimia, kina mama wakaitikia. Ghafla Athanas akasogelea maikrofoni. "Limi, mbele ya mama na wasikilizaji wote, utakubali nikuoe?"

Limi akavua visikilizio.

"Bado nina hasira na wewe," Limi akasema.

"Najua."

"Na ukinichagulia tena kitu bila kuniuliza, nitakuacha hapa hapa uanikwe na dagaa."

"Nimekuelewa, mpenzi."

"Basi nimekubali."

Mama yake akaanza kigelegele, wenzake wakadakia. Simu ya Limi ikaita. Shangazi hakusalimia wala hakuuliza kitu. Kutoka Shinyanga alipiga kigelegele kirefu, akavuta pumzi, akapiga kingine.