Hondohondo Aliyejifungia

Mwanamume aliyekuwa akilinganisha unyoya na majora ya vitambaa alikuwa amewazibia watu njia, na wala hakuwa na habari.

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ambayo soko la vitambaa hujaa mpaka ukikanyagwa hujui umlaumu nani. Wauzaji walinadi kwa sauti zilizokauka, mikasi ikilia kila upande, na katikati ya vurugu ile yeye amesimama kimya, mrefu, shati la kijani la kazi limepauka mabegani, viatu vya mpira vina matope ya jana. Anaulaza unyoya juu ya kitambaa, anautazama, anatikisa kichwa, anahamia jora jingine.

"Kaka, unanunua au unapiga ramli?" mwanamke mmoja alimuuliza kutoka nyuma.

Aligeuka. Aliyemsemesha alikuwa fundi cherehani, amevaa gauni la buluu la mikono mirefu lililomkaa vizuri hasa, na shingoni futi ya kupimia aliyosahau kuivua.

"Samahani, dada. Natafuta nyeusi."

"Nyeusi? Huoni? Nusu ya duka hili imefiwa."

"Nataka nyeusi inayogeuka kijani ukiipeleka kwenye mwanga. Kama hii."

Fundi aliuchukua unyoya, akaugeuzageuza. "Hii ni satini, upande wa ndani. Unamshonea nani?"

"Ndege."

"Ana kiuno?"

"Sina utani, dada."

"Mimi ninao. Ana kiuno?"

Mwanamume alicheka bila kutaka, kisha akanywea tena. Alieleza palepale, watu wakiwapita kwa mabega. Yeye ni mtunza ndege katika ile bustani ndogo ya wanyama ya kisiwani.

"Ile isiyo na simba?"

"Hiyohiyo."

Kila mtu aliijua kwa jina hilo. Watu walivuka kwa boti dakika ishirini, wakarudi wakinung'unika kwamba wameonyeshwa kobe, popo na vyura ndani ya vioo. Hawakujua kwamba baadhi ya vyura wale dunia nzima haikuwa na wengine.

"Tuna hondohondo," mtunza ndege alisema. "Wamebaki tisa tu wa aina yao. Jike akitaka kutaga huingia kwenye shimo la mti, akaziba mlango kwa udongo, akabakiza ufa wa kupitisha mdomo. Humo ndani manyoya ya mabawa humtoka yote. Miezi mitatu, minne, hawezi kuruka wala kujitafutia. Dume ndiye humletea kila tonge. Sasa dume wetu tumemkuta chini asubuhi ya jana. Amekufa."

Fundi aliacha kucheka.

"Nataka kushona mkono wa kuvaa, wenye shingo na mdomo kama wa dume, nimlishe nao kupitia ufa. Mkono wa mtu haupokei."

"Na yeye anajua?"

"Nani?"

"Huyo mke. Anajua kwamba mumewe hayupo?"

"Hawezi kujua, dada. Anauona ule ufa tu."

Fundi aliuangalia tena ule unyoya. Miaka minne nyuma mume wake, dereva wa lori, alikufa barabarani siku ya Jumatatu. Ndugu wa pande zote mbili walijua siku hiyohiyo. Yeye waliambiana asiambiwe mpaka maiti ifike, asije akazimia. Walimwambia yuko njiani. Jumatatu akampikia, Jumanne akampikia tena na kumpigia pasi shati. Jumatano wakamwambia. Mungu alimpa nguvu ya kuubeba msiba wenyewe. Zile sahani mbili alizofunika ndizo zilizomshinda.

"Njoo," alisema. "Nitashona leo."

Alishona jioni ileile, satini nje-ndani, mdomo wa reksini ya njano iliyobaki kwenye viti vya pikipiki. Ulitoka mbaya, umepinda. Hondohondo aliupokea.

*

Hivyo ndivyo simu zilivyoanza. Kwenye kibanda cha kulishia simu ilizimwa, maana hondohondo hakutakiwa kusikia sauti ya mtu. Mchana jua likiwa kali, ndege wakipumzika, mtunza ndege alitoka nje ya uzio na kupiga.

"Sindano, umekula?"

"Nimekula. Wewe je, Bwana Manyoya?"

"Nimekula tini moja iliyoanguka."

"Mwizi. Unamnyang'anya mgonjwa."

"Si mgonjwa, ni mzazi. Leo nimesikia sauti mbili ndani. Makinda wawili, laazizi!"

Mdogo wake fundi, aliyefanya kazi kwenye mashine ya pili, alikuwa anaguna. "Hawa makinda wanakupendeza kweli. Siku hizi unajipaka mafuta mpaka viwiko."

"Shona pindo lako wewe."

"Nashona. Nasema tu viwiko vinang'aa."

Jumapili fundi alivuka na boti, baada ya ibada. Alikaa nyuma ya kibanda, akimtazama mtunza ndege kupitia tundu namna anavyouvaa ule mkono mweusi, anavyoushusha polepole mpaka kwenye ufa, na namna mdomo kutoka ndani unavyotokeza, unachukua tini, unarudi gizani. Mara themanini kwa siku. Mwanamume anayeweza kufanya hivyo bila kuchoka, fundi aliwaza, huyo mtu anaweza kuzeeka naye. Alimwomba Mungu amwonyeshe kama anakosea.

Siku moja, wakingoja boti ya kurudi, alimsimulia zile sahani mbili. Hakuwahi kumsimulia mtu. Alipomaliza alisema, "Mimi sina masharti mengi. Nisidanganywe kwa kuonewa huruma. Basi."

"Sitakudanganya, roho yangu."

Wiki ya sita ule mkono ulichakaa. Sheria ya bustani ilikuwa kwamba chochote kilichogusa kiota kikitoka kinachomwa, ili ugonjwa usipate njia, na kwa hiyo fundi alishona mwingine na wa zamani ukatiwa moto. Safari hii alikuwa na wakati na alikuwa na mapenzi. Aliunyoosha mdomo, akapanga satini kwa tabaka kama manyoya halisi, na mwisho akafungua ushanga aliovaa tangu usichana, akatoa shanga mbili nyeusi zenye duara la dhahabu, akaziweka macho. Alimkabidhi bandarini, ukiwa umefungwa kwenye karatasi.

"Macho ni ya ushanga wangu. Ukimlisha, nakuangalia."

Mtunza ndege aliyabusu yale macho mbele za watu, mpaka muuza tiketi akapiga mluzi.

Jumatatu alipiga simu mchana kama kawaida.

"Ameupokeaje?" fundi aliuliza.

Kulikuwa na kimya kidogo, ambacho fundi alidhani ni mtandao.

"Vizuri. Anakula vizuri."

Jumanne: "Anakula, kipenzi. Usiwe na wasiwasi." Jumatano: "Anakula."

*

Alhamisi mteja alighairi kuja kupima gauni, na fundi akaamua kumshtukiza mtu wake. Alivaa kitenge kipya, akachukua boti ya asubuhi. Hakukuta mtu nje ya uzio. Alizunguka nyuma ya kibanda, akachungulia kwenye tundu lake.

Chini ya kiota tini zilikuwa zimetapakaa, nyingine zimeanza kuoza. Mtunza ndege aliushusha mkono mpya. Mdomo haukutokeza. Kutoka ndani ulisikika mlio wa hofu, na udongo ukadondoka kama kitu kimejibana ukutani. Mtunza ndege aliuvua mkono, akaukumbatia, akabaki amesimama. Ndevu hakunyoa siku hizo zote.

Fundi alimvuta nje kwa shati.

"Tangu lini?"

"Sindano, ngoja nikueleze."

"Nimekuuliza tangu lini."

"Jumatatu. Anapokea kidogo sana jioni, kiza kikianza, asipouona vizuri."

"Kwa nini anaukataa?"

Aliangalia chini. "Macho. Ndege wa aina yake macho yake yapo ubavuni. Haya umeyaweka mbele, yote mawili yanamkodolea. Anaona mwewe. Niligundua siku ya pili."

"Siku ya pili! Na mkasi hamna kisiwa kizima?"

"Ulisema ni ushanga wako. Ulisema unaniangalia. Nilidhani atazoea. Sikutaka kukuumiza, mpenzi. Nilijaribu kuyafunika kwa udongo, ukabanduka. Kila asubuhi nasema leo nitayakata, nikiyashika, nashindwa."

Fundi alimnyang'anya ule mkono, akazing'oa shanga kwa meno, moja, ya pili, akamtupia mkono kifuani. Mtunza ndege aliingia kibandani, akauvaa, akausogeza. Wakangoja. Fundi aliomba kimoyomoyo, jasho likimtiririka mgongoni. Baada ya muda mrefu mdomo wa njano ulichungulia kwenye ufa, ukasita, ukachukua.

Humo ndani sauti ya kulilia chakula ilipanda. Fundi alitega sikio, akanong'ona.

"Nasikia moja."

Mtunza ndege aliuvua mkono, akatoka nje.

"Walikuwa wawili. Nasikia moja."

"Tangu jana," alisema.

"Jana mchana nilikuuliza. Ukaniambia nini?"

Alifumba macho. "Anakula."

"Ungeniambia Jumanne, jioni ningekuja na mkasi. Kinda angekuwa hai. Mmenifunikisha sahani tena," alisema, na hakujua kwa nini alisema *mmenifunikisha*, kana kwamba walikuwa wengi. Alishuka kwenda gatini na kitenge chake kipya, na boti ilipoondoka hakugeuka.

*

Simu zililia, hakupokea. Baadaye zikaacha kulia, zikaja meseji, moja kila mchana. Hazikuwa na pole wala laazizi.

*Leo amekula tini sitini na mbili. Kinda analia kwa nguvu. Nimeteleza ngazini, goti limevimba.*

*Leo amekula hamsini. Sijui kwa nini zimepungua. Mkubwa wangu ananilaumu kwa yule kinda, na ana haki.*

*Leo nilitaka kuandika sijambo. Si kweli.*

Mdogo wake alizisoma juu ya bega lake. "Mwanamume gani huyu anabembeleza kwa goti lililovimba?"

"Habembelezi," alisema fundi.

"Sasa anafanya nini?"

Fundi alipitisha uzi kwenye sindano mara tatu na mara tatu ukakataa.

Hivyo zilikwenda wiki tano. Hakujibu hata moja, na hakufuta hata moja. Kila mchana, saa ile ikikaribia, mguu wake kwenye mashine ulipunguza mwendo. Kisha siku moja, kabla hata hajafungua kibanda chake cha ushonaji, simu ililia, na akapokea.

"Anabomoa ukuta," mtunza ndege alisema. "Anatoka. Mabawa yameota. Nimeona nikuambie."

"Saa hii?"

"Saa hii. Na mimi naogopa."

Alimwachia mdogo wake funguo, akakimbia.

Alipofika, hondohondo alikuwa nje, juu ya gogo, mweusi mwenye kung'aa kijani jua likimpiga, mwembamba kuliko alivyodhani. Alikuwa anaita. Sauti nzito, ya kukwaruza, mara mbili, kisha ananyamaza na kuinamisha kichwa kama anayesikiliza hatua za mtu. Anaita tena. Aliruka mpaka pembe ya banda alikozoea kulala dume, akapekua, akarudi. Akaita.

Mtunza ndege alikuwa ameegemea wavu, ule mkono usio na macho ukining'inia. Shati lilelile la kijani.

"Tangu alipotoka anaita," alisema. "Nilimwonyesha mkono, akaupita tu. Nifanye nini?"

"Huna la kufanya."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Fundi alisogea mpaka kwenye wavu. Hondohondo alimtazama kwa jicho moja la ubavuni. Fundi hakujali kama mtu anasikia.

"Amekufa, dada," alimwambia. "Alikufa zamani, ulipokuwa ndani. Aliyekuwa anakulisha hakuwa yeye. Ilikuwa satini na reksini, nilishona mimi. Unisamehe. Walikuficha, na mimi niliwasaidia."

Ndege akaita tena. Hakuelewa, ataelewaje? Ila fundi alikuwa amelisema, na kifua chake kilikuwa kinapanda na kushuka kama cha mtu aliyetua mzigo.

Mtunza ndege alisimama kando yake, si karibu sana.

"Sindano, nina jambo. Nataka kuja kwenu, kwa wazee wako. Ila sina la kukuahidi. Navuka maji kila siku. Siwezi kukuahidi kwamba nitarudi kila siku."

"Hakuna anayeweza."

"Naweza kuahidi utaambiwa. Muuza tiketi ana namba yako. Mkubwa wangu anayo. Nimewaapisha. Likinifika jambo saa nne, saa nne na dakika tano utajua, hata uzimie."

Fundi alicheka na machozi yakamshuka kwa pamoja, akayafuta kwa futi ya kupimia, maana leo pia alisahau kuivua.

"Njoo Jumapili," alisema. "Na uje na shati hilohilo. Wamwone anayekuja."

Ndani ya kiota kinda alikuwa ameanza kulia. Njaa ya asubuhi nzima. Kinda mwenyewe alikuwa ameanza kuuziba tena mlango kwa udongo uliodondoka, kama wafanyavyo makinda wa hondohondo, akibakiza ufa. Fundi aliokota tini, akaipitisha kwenye wavu kwa mkono wake mtupu, akangoja.

Hondohondo aliita mara moja tena. Alisikiliza. Kinda akalia. Alishuka kwenye gogo polepole, akaitazama ile tini, akamtazama aliyeishika. Kisha akaichukua, akaenda nayo kwenye ufa.