Mbivu Juu, Mbichi Chini

Nyumbani kwa akina Shulamiti, Ijumaa haikuwa siku ya kutembea. Ilikuwa siku ya kukimbia. Kabla jua halijazama, maji yawe yamechotwa, mkate wa Sabato uwe umeiva, matoke yawe yamefunikwa vizuri juu ya makaa na kila mtu awe ameoga. Jua likishazama, hakuna kuwasha moto, hakuna kuchuma wala kuchambua, hakuna kuuza wala kununua, mpaka nyota zionekane Jumamosi jioni. Ndivyo Wayahudi wa kilima cha Namawolo walivyoishi tangu enzi za babu zao. Majirani zao Waislamu na Wakristo walizoea kuwatania kila Ijumaa alasiri, wakiwaona wanakimbizana na jua.

Msimu wa kahawa mbio hizo zilizidi. Ijumaa hiyo Shula alipotoka shule mapema kama kawaida, mama yake alimkabidhi gunia kabla hata hajavua sare.

"Gunia moja tu, Shula. Mbivu tupu. Mbichi iache mtini ikomae."

"Ndiyo, Mama."

"Umesikia, au umeitikia tu?"

"Nimesikia, Mama!" Shula alijibu, huku mguu mmoja ukiwa nje.

Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na miguu yake ilikuwa na mambo yake yenyewe. Njia ya shambani ilipita kando ya uwanja wa mpira wa pete, na pale wenzake walikuwa wamepungukiwa mchezaji mmoja. Mchezo mmoja tu, akajiambia. Sote tunaijua hiyo "moja tu". Mchezo mmoja ukazaa wa pili, wa pili ukawa na ubishi, na ubishi ukahitaji mchezo wa tatu. Shula alipokumbuka gunia lake, jua lilikuwa limekwisha kuinama.

Alifika shambani akihema. Kahawa mbivu huchumwa moja moja, kwa vidole, na mbichi huachwa pale pale kwenye tawi. Shula alichuma hivyo kwa muda mfupi, akatazama gunia, akaona hata kitako chake hakijafunikwa. Akatazama jua. Akalishika tawi kwa kiganja na kulivuta kutoka shinani hadi nchani, matunda yote yakaporomoka guniani humo, mekundu kwa kijani. Akavuta tawi jingine, na jingine. Gunia lilipokaribia kujaa, akachagua nyekundu zilizoiva vizuri na kuzitandaza juu. Ukilifungua mdomo, lilipendeza kweli.

Alilibeba kichwani hadi kwenye mtambo wa kumenya kahawa, chini ya kilima. Mtambo huo ulikuwa mali ya ushirika wao, Wayahudi, Waislamu na Wakristo pamoja. Ijumaa adhuhuri Waislamu walikuwa msikitini, Jumamosi Wayahudi walikuwa sinagogi, Jumapili Wakristo walikuwa kanisani, kwa hiyo zamu zao zilipangwa kwa akili nyingi. Kahawa yao walimuuzia mnunuzi wa ng'ambo aliyefuata biashara ya haki. Bei yake haikushuka hata wachuuzi wa mjini Mbale waliposhusha zao, na juu ya bei aliongeza fedha za maendeleo. Tangi la maji la shuleni lilijengwa kwa fedha hizo.

Mpokeaji wa kahawa alikuwa Mama Zaituni, mama wa Zaituni, rafiki mkubwa wa Shula. Alikuwa anafunga mlango.

"Haya, bibi harusi amefika!" alisema. "Jua linakuchungulia, Shula. Leo Sabato itakukuta njiani."

"Nisamehe, Mama Zaituni. Nilichelewa kidogo."

Mama Zaituni alifungua mdomo wa gunia, akatazama, akatabasamu. "Maashallah. Kahawa ya nyumba ya mama yako haina maneno." Akalifunga, akaandika jina kwenye kibandiko, akalilaza gunia ndani ya birika la maji pamoja na mengine yaliyochelewa, yasubiri kumenywa asubuhi.

Zaituni alimsindikiza Shula hadi nusu ya njia.

"Mama hana usingizi siku hizi," alisema. "Unajua mzigo uliopita mnunuzi aliukataa? Ulikuwa na mbichi nyingi. Mpokeaji wa zamani akaondolewa. Mwenyekiti wa ushirika amemwambia Mama, mbichi zikipita tena, naye anaondoka. Na mnunuzi naye anaweza kutuacha."

Shula alisimama. "Lakini akitazama magunia si ataziona?"

"Ya wengine anayamwaga yote mkekani. Ya kwenu hayamwagi. Anasema mama yako ni mtu wa haki."

Shula alitaka kusema kitu. Juu kilimani mama yake alikuwa anaita, "Shula! Mishumaa!" Akakimbia.

Mishumaa ikawashwa. Mama akafunika macho kwa viganja, akabariki. Baba akabariki kinywaji na mkate, akamgawia kila mtu. Kila Ijumaa Shula aliipenda saa hiyo kuliko saa zote za juma, mbio zinapokwisha na nyumba inapotulia. Usiku huo nyumba ilitulia, yeye hakutulia. Matoke na mchuzi wa karanga aliviacha nusu sahani.

"Unaumwa?" Mama aliuliza.

"Hapana."

"Mbona unakaa kama umekalia siafu?"

Shula akacheka kicheko kisicho na furaha. Moyoni alikuwa anajitetea. Hata nikitaka, sasa siwezi. Kuchambua kumekatazwa siku ya Sabato. Mambo ya biashara hayazungumzwi Sabato. Nitasema kesho jioni nyota zikitoka. Alijua fika kwamba kesho jioni kahawa itakuwa imekwisha kumenywa na kuchanganywa na ya watu wote. Hilo alilisukuma pembeni, nalo likarudi. Akalisukuma tena.

Asubuhi, sinagogini, watu waliimba zaburi kwa sauti nzuri na ngoma ya viganja. Shula hakuimba. Masikio yake yalikuwa chini ya kilima, kwenye injini ya mtambo. Kila pikipiki iliyopita barabarani ilimshtua. Injini ya mtambo ilikuwa bado kimya. Alimshukuru Mungu, kisha akaona haya kumshukuru kwa jambo kama hilo.

Baada ya sala Rabi Ovadia aliwakusanya watoto kibarazani kwa somo lao. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuamsha mbuzi.

"Leo tunasoma habari za sokoni," alisema. "Walimu wetu wa kale walimkataza muuzaji kuchambua nafaka ya juu ya pipa peke yake, chini akaacha takataka. Kwa nini? Nafaka ya juu si ni safi kweli?"

"Kwa sababu mnunuzi anaona juu tu," alijibu mvulana mmoja.

"Hasa! Walisema huko ni kulidanganya jicho. Muuzaji huyo hajasema uongo hata neno moja. Jicho la mwenzake ndilo amelisemesha uongo."

Mkono wa Shula ukapanda juu wenyewe.

"Rabi, mtu akiwa amefanya hivyo Ijumaa, na sasa ni Sabato, kuchambua hawezi. Na habari za biashara hazizungumzwi. Basi anangoja nyota zitoke, sivyo?"

Watoto wakageuka kumtazama. Rabi Ovadia naye alimtazama, na ucheshi ukamtoka usoni.

"Kuchambua hawezi, kweli. Bei na mauzo hayazungumzi, kweli. Lakini kuungama kosa kabla halijamwangukia mtu mwingine, hiyo si biashara, mwanangu. Sabato imetufunga mikono. Nani aliyekwambia imetufunga mdomo?"

Hapo hapo, chini ya kilima, injini ikakohoa mara moja, ikakohoa tena, ikanguruma.

Shula aliruka ukuta wa kibaraza.

"Shula! Ni Sabato, hatukimbii!" mwenzake alipiga kelele.

"Mwacheni akimbie!" Rabi alinguruma kushinda injini. "Kukimbilia jambo jema kunaruhusiwa!"

Alishuka kilima gauni la Sabato likimpiga magotini. Alipofika, wanaume wawili walikuwa wanamimina magunia mdomoni mwa mtambo. Gunia lenye jina la nyumba yao lilikuwa limetolewa birikani, linachuruzika maji, nalo ndilo lilifuata. Shula hakuweza kuligusa, kwa kuwa kahawa ya kuuza haishikwi siku hiyo. Akasimama kati ya gunia na mtambo, mikono ameikunja kifuani.

"Wewe! Toka hapo, utaumia!" mwanaume mmoja alifoka.

Mama Zaituni alizima injini. "Kuna nini? Nyumbani kuna msiba?"

"Hapana. Gunia letu, Mama Zaituni. Juu ni mbivu. Chini ni mbichi. Nilicheza mpira, nikachelewa, nikapukusa matawi." Machozi yalimlengalenga. "Wewe ulituamini, mimi nikakudanganya."

Mama Zaituni alilishika gunia, akalipindua mkekani. Nyekundu chache zikatangulia, kisha mlima wa kijani ukazifunika. Zaituni, aliyekuwa anafagia, aliweka ufagio chini.

"Shula," alisema polepole. "Jana nilikwambia yote. Ukanyamaza."

Hilo lilimuuma Shula kuliko kelele zozote. "Niliogopa," alisema. "Na siwezi hata kuchambua sasa. Wala siwezi kuwaomba mnichambulie. Hata hilo limekatazwa."

"Nazijua sheria zenu, nimezaliwa jirani yenu," Mama Zaituni alisema. "Na wala usingeomba. Nani akuchambulie uvivu wako?" Akashusha pumzi ndefu. "Gunia hili halipiti. Mpaka nyota zenu zitoke litakuwa limechacha. Nyumba yenu imelipoteza."

"Ndiyo, Mama Zaituni."

"Na mimi nina langu. Nimetazama mdomo wa gunia kwa sababu ya jina lililoandikwa juu yake. Kuanzia leo, gunia la nani sijui, la mwenyekiti, la shehe, la rabi, yote mkekani."

Injini ikawashwa tena. Mlima wa kijani ukabaki pembeni, na Shula akapanda kilima taratibu kwenda kumweleza mama yake. Hakuna aliyemtuma.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Alikasirika, tena sana. Gunia lile lilikuwa viatu vya Shula vya shule, na Shula alijua. Muhula huo aliumaliza na viatu vilivyotoboka.

Ijumaa iliyofuata uwanja wa mpira wa pete ulimwita, naye akapita ameinamisha kichwa. Jua lilipoinama alikuwa na nusu gunia tu. Akalibeba hivyo hivyo, ingawa hakujua atapokewaje. Mama yake alifuatana naye safari hiyo.

"Mulembe, Mama Zaituni," Mama alisalimu. "Tumeleta nusu."

Kabla hajaulizwa, Shula alilishika gunia kwa kitako na kulipindua mkekani, za chini zikawa juu. Zilikuwa nyekundu zote. Zaituni alipiga magoti, akazipekua kwa vidole, akapekua tena, kisha akainua macho na kutabasamu kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi ile.

"Nusu inatosha," alisema. "Jumapili tunahitaji mchezaji."

Mama alimwekea Shula mkono begani.

"Kila mwaka tunakaa mkutanoni tukidai yule mnunuzi atutendee haki," alisema. "Atupe bei ya haki, mizani ya haki, asitudanganye kwa kuwa yuko mbali na hatumwoni. Ni madai mazuri, na sitaacha kudai. Lakini yeye naye yuko mbali, Shula, na hakuoni ukiwa peke yako shambani. Haki tunayoitaka kutoka kwake, tuiweke kwanza sisi, pale chini ya gunia ambapo hatazami mtu. Haya, twende. Jua hilo."

Wakakimbia.