Safari ya Karamu

Kalamu iliyokaa miezi minne bila kutiwa wino haiandiki. Kulijua hilo hakuhitaji ufundi, lakini yeye alikuwa fundi wa kalamu, tena wa miaka ishirini na saba, na mchana ule aliporudi dukani kutoka kula alikuta nibu, ncha ya chuma ya kalamu ya marehemu mkewe, imelowa. Aliigusa. Wino mweusi, mbichi, ukamshika kidoleni. Akajiambia ni uchovu, akaifuta kwa kitambaa, akairudisha kwenye kisahani chake na kuendelea na kazi.

Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja chenye meza mbili. Meza ya dirishani ilikuwa yake: koleo ndogo, kioo cha kukuzia, beseni la kuoshea nibu na kopo la vifuniko visivyo na wenyewe. Meza ya ukutani ilikuwa ya mkewe, mwandishi wa vyeti, ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Mwandiko. Vyeti vya ndoa, vya shule, vya kustaafu, vyote vilipita mkononi mwake. Watu walikuwa wakisema Bi Mwandiko akikuandika jina, unajiona umeongezeka kimo.

Alikuwa na ila moja tu, na hiyo ilikuwa siri ya nyumbani. Kusema alisema vizuri, lakini akishika kalamu, ra na la zilimpiga chenga. Kwa hiyo kila cheti kiliandikwa kwanza na mumewe, kwa mwandiko wake wa kuku, kisha yeye akakinakili herufi kwa herufi. Ni kwenye daftari lao wawili tu alikojiandikia alivyotaka, na ndiyo maana juu ya jalada, kwa herufi za kupendeza kweli kweli, palisomeka SAFARI YA KARAMU.

"Watu watadhani tunakwenda kula pilau za watu," fundi alikuwa akimtania.

"Waache wadhani. Si tunakwenda kula kwa macho?"

Ilikuwa safari ya ng'ambo, ya kwenda kununua kalamu za wino, na waliipanga kwa miaka kumi na moja. Huko mbali, walikuwa wamesoma, kuna mtaa wa maduka ya kalamu tu, moja baada ya jingine, na ukumbi ambamo kila mwaka kwa siku tatu wazee huleta kalamu zao za zamani kuziuza. Bi Mwandiko alitaka moja tu. Iwe na nibu laini, inayotanuka ukiikandamiza, ili mstari uanze mwembamba kama uzi na kunenepa katikati. Daftari lilijaa: masweta, anwani za maduka, chupa ya maji ya kujaribia nibu, na onyo lililopigiwa mistari miwili kwamba ndani ya ndege karamu zisafiri tupu, nibu juu, la sivyo zitatapika wino nguoni. Viza zilitoka siku ya Jumanne. Alhamisi homa ikamkamata, na wiki iliyofuata wakamzika.

Siku aliyorudi dukani baada ya mazishi, fundi alikalia kiti cha mkewe, akafungua daftari, na kwa tone la mwisho lililobaki kwenye kalamu yake akaandika chini ya mstari wake wa mwisho: Tutakwenda hivyo hivyo. Njoo. Akalia mpaka akasikia aibu, akafunga.

Sasa, kesho yake baada ya kuikuta nibu imelowa, akalifungua tena. Chini ya lile neno lake kulikuwa na neno jingine, na mwandiko ulikuwa wa mkewe, wenye mikia mirefu na viuno.

Nimekuja.

Nywele zilimsimama. Alitoka nje, akasimama juani katikati ya wapita njia kama mtu anayesubiri kuitwa. Hofu ilimshika, ndiyo, lakini tusidanganyane: haikudumu. Baada ya dakika kumi alirudi ndani, akaijaza kalamu wino, akaandika, Ni wewe? Akaenda kula, ingawa hakuonja kitu. Aliporudi, jibu lilikuwa limekwisha kauka.

Nani mwingine? Tumalize mipango.

Basi wakapanga. Kila siku, katika saa ile ambayo duka hufungwa kwa chakula, maandishi yaliongezeka. Orodha ya maduka ilipangwa upya, hoteli ikachaguliwa karibu na ukumbi, siku za kalamu za zamani zikaandikwa kwa usahihi. Fundi alianza kunyoa ndevu. Alianza hata kupiga mluzi. Wateja wakanong'onezana kwamba mjane amepata mtu, na kwa namna fulani hawakukosea.

Lakini duka lilikuwa linabadilika. Kulikuwa na harufu, kama ya msumari uliotiwa moto mpaka ukawa mwekundu kisha ukachovywa kwenye siki. Kulikuwa na sauti pia. Akisimama nje ya mlango kabla ya kufungua, alisikia nibu ikikwaruza karatasi, kwa kasi, bila kupumzika, na mkewe hakuwahi kuandika kwa kasi maisha yake yote. Fundi aliyasikia hayo na akayapuuza. Njaa aliyokuwa nayo haikuwa ya kuchagua.

Kisha ukaja ukurasa ule.

Pasipoti yangu haitanifikisha, maandishi yalisema. Tutumie ya binti yetu. Mlete mchana, aketi kwenye kiti changu, ashike kalamu yangu. Nitasafiri ndani yake.

Aliusoma mara tatu. Alijua. Hata miaka mingi baadaye hakujidanganya juu ya hilo: moyoni alijua kwamba mama hawezi kuomba kitu kama hicho. Lakini chini yake kulikuwa na maneno mengine, Nimekukosa sana, na hayo ndiyo aliyoyachukua.

Binti yao alikuwa mwalimu wa darasa la pili. Alikuja siku ya pili yake, bado ana vumbi la chaki kwenye mikono ya blauzi.

"Baba, umekonda. Na humu ndani kuna nini kinanuka hivi?"

"Dawa za kusafishia," alisema bila kumtazama. "Kaa hapo kidogo, mama. Kwenye kiti cha mama yako. Nataka uijaribu kalamu yake, nione kama bado inatoa wino."

"Nijaribu nini? Niandike jina langu?"

"Chochote kitakachokuja."

Alikaa. Alishika kalamu, na hapo hapo mabega yake yakanyooka kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi mgongoni, na mkono wake, ule mkono wa mwalimu unaoandika herufi za duara za kufundishia watoto, ukaanza kukimbia juu ya karatasi kwa mwandiko wa mama yake, mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, nibu ikikwaruza na ile harufu ya msumari ikipanda mpaka machozi yakamtoka fundi, na binti alikuwa akiutazama mkono wake mwenyewe kama anatazama nyoka aliyepanda mezani, mdomo wazi, sauti haitoki, na wino ukiacha karatasi na kurudi nyuma, ukipanda kwenye nibu, kwenye vidole, kwenye kiganja, chini ya ngozi, mweusi, taratibu, kama unajua njia.

"Baba," alinong'ona hatimaye. "Si Mama."

"Endelea kidogo tu..."

"Soma, Baba! Si Mama huyu. Ameandika kalamu. Tutanunua kalamu. Mama lini aliandika kalamu?"

Fundi akatazama. Akafungua kurasa za nyuma, moja baada ya moja, zile za mwezi mzima wa furaha yake. Kalamu. Kalamu. Kalamu. Hakuna ra hata moja iliyopotea njia. Aliyejifunza mwandiko ule alijifunzia kwenye vyeti, ambavyo fundi mwenyewe aliviandika kwanza kabla havijanakiliwa. Alimrukia binti yake, akaing'oa kalamu kwa nguvu zote, ikatoka na kipande cha ngozi.

Wino ulikuwa umefika kiwikoni. Haukutoka kwa sabuni, wala kwa spiriti. Asubuhi yake ulikuwa umepita kiwiko.

Nyuma ya duka la kinyozi kuliishi mganga, mwanamke wa makamo aliyeitwa Mama Kimya kwa sababu hakuwa mtu wa kelele. Alilinusa daftari kwanza kabla ya kulifungua, kisha akaushika mkono wa binti na kuukanda kwa kidole gumba.

"Unasikia?"

"Sisikii kitu," alisema binti kwa sauti ndogo. "Ni kama wa mtu mwingine."

"Bado kidogo tu utakuwa wa mtu mwingine kweli." Mama Kimya alimgeukia baba. "Fundi, ulimwita nani?"

"Mke wangu."

"Kwa jina?"

"Niliandika njoo."

"Njoo tu." Mganga alishusha pumzi. "Basi ulimwita kila mwenye masikio. Hawa hawasubiri kubembelezwa, baba. Mlango ukiwa wazi, anaingia aliye karibu."

"Nifanye nini?"

"Uandike nenda. Kwa mkono wako, mahali pale pale, saa ile ile. Na usitaje jina. La kwake hatulijui, na ukiandika la mkeo, atasema hakutajwa, atabaki."

Fundi alimwinamia mganga sikioni. Alipozungumza, hakutaka binti yake asikie, lakini chumba kilikuwa kidogo.

"Na kama na yeye yumo? Mke wangu. Kama alikuja nyuma ya huyu?"

"Nenda isiyo na jina ni ya wote," alisema Mama Kimya. "Na jambo jingine nikuambie mapema usije ukanilaumu. Jini huyu ameuvaa mwandiko wa mkeo. Sijui atauvua mlangoni au ataondoka nao."

Mchana wa siku ya pili wino ulikuwa begani, umeanza kuielekea shingo. Wote watatu walijifungia dukani. Binti alikaa sakafuni, ameegemea ukuta, macho yake yanafumba na kufumbua bila mpango. Fundi alikalia kiti cha mkewe, akafungua daftari, akashika kalamu. Kabla nibu haijagusa karatasi, maneno yakaanza kujitokeza yenyewe, taratibu safari hii, kwa mwendo wa mtu asiye na haraka, mwendo ambao fundi aliujua kwa miaka ishirini na saba.

Mume wangu usinifukuze. Huku kuna balidi.

Balidi.

Aliuweka mkono mdomoni. Inawezekana jini alikuwa amesikia, siku ile binti alipopiga kelele, akajifunza na kosa lenyewe. Inawezekana pia ni yeye, amefika sasa hivi, amechelewa kama alivyozoea kuchelewa kila mahali, amesimama gizani huko aliko akiwa amevaa ile nguo nyembamba waliyomzika nayo.

"Ni wewe?" alinong'ona. "Mama watoto, ni wewe?"

Nina balidi, maandishi yalisema. Nishike mkono.

"Fundi," alisema Mama Kimya, "mtoto."

Alitazama. Weusi ulikuwa umefika kwenye taya. Binti alikuwa anamtazama, na lile jicho la upande ule halikuwa la kwake tena. Basi fundi akaandika huku analia kwa sauti, kama watoto wanavyolia, bila kujificha, akiomba msamaha kwa kila herufi, akisema nisamehe mke wangu, nisamehe, mtoto wetu huyu, na ile herufi ya mwisho ilipokamilika kalamu ikapasuka mkononi mwake na upepo wenye harufu ya siki ukapita kati yao, ukafungua mlango wenyewe, ukatoka mtaani kwenye jua.

Binti alikohoa. Akakunja vidole, akavikunjua. Vilikuwa vya rangi yake.

Daftari lilikuwa jeupe. Si kurasa za mwezi ule peke yake, bali zote, miaka kumi na moja, masweta, anwani, maonyo, mpaka jalada. Yalikuwa yamebaki maneno ya mwandiko wa kuku, hapa na pale, yakijibu maswali ambayo hayakuwepo.

Asubuhi iliyofuata, mzee mmoja aliyestaafu posta alikuwa anamngoja mlangoni na fremu kwapani. "Fundi, hiki cheti changu kimepatwa na nini?" Ndani ya kioo kulikuwa na karatasi tupu yenye muhuri. Nyuma yake alikuwepo mama mwenye vyeti vya watoto wanne. Nyuma yake, maharusi wa mwaka jana, bibi harusi amevimba macho. Kufikia saa tano foleni ilikuwa imezunguka kona. Fundi alikaa kwenye meza ya ukutani akawaandikia upya, mmoja mmoja, kwa mwandiko wake mbaya, na hakuna aliyekuwa na roho ya kumwambia ulivyo mbaya.

Ni binti aliyewaza jambo lile kwanza, jioni, wakati anampikia.

"Baba. Chenu je?"

Cheti chao cha ndoa Bi Mwandiko alikiandika mwenyewe, siku tatu kabla ya harusi, kwa sababu hakumwamini mwandishi mwingine na siku yake. Fundi aliingia chumbani, akavuta sanduku lililokuwa chini ya kitanda, akatoa bahasha. Alikaa kitandani nayo mapajani kwa muda kabla ya kuifungua.

Karatasi ilikuwa nyeupe. Majina hayakuwepo, wala tarehe. Chini kabisa, mahali walipotia sahihi wote wawili siku ile, wakisukumana viwiko na kucheka, ilikuwepo sahihi moja tu, ya fundi mwenyewe.

"Baba?" binti aliita kutoka jikoni. "Umekiona? Kipo?"

"Kipo," alijibu.