Maziwa ya Naipanoi na Kitabu cha Nne

Mwaka wa tisini na nne, siku ya mvua, soko la Kilosa halikuwa linanuka, lilikuwa linatapika. Matope yamechanganyika na matumbo ya samaki, nzi wamenenepa kama wenye maduka mapya, mitumba imelowa juu ya turubai inatoa jasho la makwapa ya watu tusiowajua. Katikati ya balaa hilo alipita Elikana, mpiga picha za paspoti, suruali nyeupe kaikunja hadi magotini, leso puani, akiruka madimbwi kama kuku aliyekanyaga majivu ya moto.

Ghafla akasimama. Ndoo ya maziwa ya binti mmoja wa Kimaasai ilikuwa imefunikwa kwa kitabu kikubwa cha picha.

"Mungu wangu! Ostertag!"

"Simjui. Hapa tunauza maziwa."

Binti aliitwa Naipanoi, anakaa kwa shangazi yake pale Kilosa akiuza maziwa ya ng'ombe wa baba yake. Shuka ya buluu, shanga nyeupe shingoni, kandambili zimezama topeni, naye anang'aa tu.

Elikana akaeleza huku akihema. Ostertag ni Mdachi anayepiga picha za nchi tupu: milima, nyika, mawingu. Vitabu vyake ni vinne. Vitatu Elikana alivisaka kwenye mitumba na kwa watalii, akavifunga nailoni. Hiki cha nne, cha nyika za Mikumi, hakuwahi kukiona.

"Alipiga kambi kwetu Mikumi, akampa baba," Naipanoi akasema. "Alituambia tuondoe ng'ombe, eti wanamharibia picha."

"Niuzie!"

"Na ndoo nifunike na nini? Kichwa chako?"

Elikana akanunua lita moja ili apate kukitazama. Kesho yake lita nyingine. Wiki ya tatu hakuwa anatazama kitabu tena, alitazama shingo.

"Fundi, unayapenda maziwa yangu kweli?"

"Kama roho yangu, mpenzi."

Mwongo! Maziwa yale ya vibuyu vilivyofukizwa moshi yalimtia kichefuchefu hata kwa harufu. Kila siku aliyamwaga mtaroni nyuma ya studio. Mtaro ukaganda, ukaota utando wa kijani, funza wakafanya mkutano wa hadhara.

Alasiri moja Naipanoi akazunguka nyuma ya studio, mbio, na habari njema: baba yake amekubali kumwona Elikana. Akamkuta jagi kaliinamisha.

"Elikana! Ng'ombe wa baba wamekukosea nini?"

"Mpenzi, nisikilize..."

"Kwetu hakuna anayemwaga maziwa hivi, hata kichaa! Kumbe mimi ulikuwa unanunua mfuniko wangu tu." Akatema mate chini. "Unanitia kinyaa."

Kesho yake akaondoka kwa shangazi yake, akarudi kwao Mikumi na kitabu chake. Elikana akapiga simu hoteli moja ya Mikumi aliyojua huwa inanunua maziwa yao. Akapokea Damiano, mpishi.

"Haloo, Naipanoi yupo?"

"Yupo. Anasema hayupo."

"Mwambie nampenda."

Masufuria yakagongana. "Anasema kauambie mtaro."

Jumamosi Elikana akapanda basi. Akamkuta Naipanoi nyumbani na mama yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Naipanoi akamtupia kitabu miguuni, kikafunguka. "Ulichofuata hicho. Chukua, uende."

Hakukiinamia. "Mama, nisamehe. Maziwa yananitapisha tangu utoto. Nilimdanganya binti yako ili nimwone kila siku."

Mama akasema neno kwa Kimaasai, akamnyooshea kibuyu.

"Anasema mwongo anywe," Naipanoi akatafsiri.

Akanywa. Funda la kwanza likashuka, la pili likasita, la tatu likarudi na wenzake wote pamoja na chapati za asubuhi. Mabongemabonge yakatua juu ya nyika ya Ostertag, yakatiririka hadi kwenye kandambili za Naipanoi. Mbwa akaja kunusa, akaghairi.

Elikana akapiga magoti, akavua shati lake jeupe, akaanza kumfuta binti vidole, kimoja kimoja.

"Wewe, kitabu chako kinaoza!"

"Kioze. Nimekuchafua mguu."

Naipanoi akamtazama fundi yule, uteute ukining'inia kidevuni. Kwa mara ya kwanza akaona mtu asiyemficha kitu. Akachukua ncha ya shuka yake, akamfuta. Mama akanung'unika jambo.

"Anasemaje?"

"Anauliza mahari utaleta lini."

"Mwambie hata mwezi huu! Anataka ng'ombe gani?"

Naipanoi akauliza, akasikiliza, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Wa maziwa."